Sindano Katika Friji ya Zeynab

Rafiki yangu Njoka, nilimsikia Mama kabla sijafungua mlango. Mama alikuwa anaguna kama mtu aliyebebeshwa jiwe. Nikajua ni ile sindano ya jana, ile anayodungwa baada ya dawa za saratani.

Unajua hasira zangu. Nikateremka mbio hadi kwa Zeynab, anayetuwekea sindano kwenye friji ya duka lake la maziwa hapa mtaani Majengo. Nikamwambia, "Iliyobaki tupa! Inamuua mamangu."

"Wacha kelele, mshairi," akasema. Akampigia simu nesi anayemhudumia Mama, akaweka spika.

Nesi akasema, "Kijana, hiyo dawa inachochea uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, utengeneze chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Mifupa inauma kwa sababu kazi imeanza. Ukikatiza sasa, hata kidonda cha mdomoni kitammaliza."

Kitammaliza. Njoka, alisema hivyo.

Bado nalisikia hilo neno. Mimi ninayetungia watu mashairi ya matanga, karibu niite matanga ya kwetu kwa mdomo wangu.

Nikarudi na sindano ndani ya barafu. Mama akauliza, "Gatobu, umeileta?"

Nikamwambia kwa sauti, "Nimeileta, Mama. Na leo ukiguna, utaguna ukiwa umenishika mkono. Siondoki."