Nilivyoipalilia Kompyuta

Jumamosi, 8 Februari 1997

"Rubisi ya kibanja kile haikunywewa na mtu yeyote. Mama yule alikuja juzi na wakimbizi, na arudi nao." Hayo kayasema Methodius, katibu wa kamati ya ardhi, jana sokoni Kayanga, mbele za watu, huku anatafuna karanga.

Uongo! Wakimbizi wa mwaka tisini na nne walikaa kwenye mahema na wameondoka Desemba. Mibuni ya Speciose, mama huyo anayesemwa, ina mashina manene kama paja langu. Mbuni wa namna hiyo haukui kwa miaka miwili. Marehemu mumewe, Theoneste, alinunua kibanja mwaka sitini na moja. Migomba ilihesabiwa, milamula, miti ya mpaka, ikapandwa, rubisi ya ndizi ikanywewa na mashahidi kama desturi ya mauzo inavyotaka. Mimi nilikuwa shule Bukoba, sikuona. Mzee Anastazi, wa mwisho kati ya wanywaji aliyekuwa hai, aliona. Novemba alikaa sebuleni kwangu, akataja wanywaji wote saba kwa majina na mlamula mmoja mmoja ulipo. Nikachapa moja kwa moja kwenye kompyuta, bila karatasi. Karatasi huliwa na mchwa, nilimwambia. Krismasi tukamzika.

Kamati inakaa Jumanne ya tarehe 18 kuamua kama kibanja ni cha Speciose. Nitawasomea marehemu neno kwa neno.

Mchana nimewasha jenereta, nimefanya usafi. Kompyuta hii niliipata mwaka jana kwa wale wa misaada walipoanza kufunga virago, kabla wakimbizi hawajaondoka, na imejaa takataka zao. Nimeipalilia kama shamba la migomba. Kila faili nisiloliandika mimi — nje! Nimegundua hata diski ya pili, H, ambayo sikujua kama ipo. Humo majina yasiyotamkika. Mengine yamefungwa yasifutwe, nimeyafungua, nikayang'oa. Moja kubwa mno limekataa, eti linatumika. Kisiki. Nitalirudia.

Sasa pana nafasi. Pamependeza.

Jumatatu, 10 Februari

Haiwaki. Yaani taa inawaka, feni inavuma, halafu kioo cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza: mkalimani wa amri ni mbovu au hayupo.

Hayupo! Kaenda wapi?

Nimezima, nimewasha. Mara tisa. Renatha kasimama mlangoni na ungo wake: "Baba Kemirembe, utaichosha." Mashine haichoki, mke wangu. "Basi utaichosha jenereta."

Itakuwa umeme wa jenereta. Au vumbi. Au mtu. Sijataja jina.

Jumanne, 11 Februari

Ni Methodius. Alikuja hapa Januari kuniomba kiti cha mkutano, akasimama karibu kabisa na kompyuta. Nani husimama pale bila sababu? Nimeandika barua ya kurasa nne kwa mkuu wa wilaya. Nimempa Renatha asome. Kauliza: aliigusa? Hapana. Tangu siku hiyo ulikuwa unachapa? Ndiyo. Kairudisha barua mezani, kaenda jikoni.

Saa kumi Speciose kaja na mkungu wa ndizi kichwani, umri wake ule! Nimempa shikamoo, nimempokea mzigo. Kakaa kwenye benchi, kaitazama kompyuta chini ya kitambaa chake kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyelala.

— Anastazi bado yumo?

— Yumo, mama.

— Mungu asifiwe. Mimi sina mwingine. Siku ile nilikuwa jikoni na wanawake, nilisikia vicheko tu.

Nimeshindwa kumtazama usoni. Mimi! Nimewatazama usoni wakuu wa wilaya watatu.

Alipoondoka Renatha kasema: andika upya kutoka kichwani. Nimejaribu. Majina matano kati ya saba. Milamula — ya upande wa kijito tu. Mengine ningelazimika kuyabuni. Kubuni ni kazi ya Methodius.

Jumatano, 12 Februari. Majivu

Nimekwenda Ihanda kwa baiskeli, kwa Immaculata. Miaka miwili kambini alichapa orodha za chakula kwenye kompyuta za aina hii hii, na ndiye aliyenifundisha amri chache ninazozijua. Kambi zimefungwa, sasa analima mibuni ya mama yake. Nimemkuta shambani, msalaba wa jivu kwenye paji la uso.

— Shikamoo, mwalimu.

— Marahaba. Kompyuta yangu imehujumiwa.

— Na nani?

— Hilo ndilo swali.

— Mara ya mwisho ulifanya nini?

Nimemweleza usafi wote. Jembe likasimama hewani.

— Ulifuta COMMAND.COM?

— Sikuliandika mimi.

— Waitu, mwalimu! Hata ini lako hukuliumba wewe!

Kacheka mpaka mama yake akatoka nje kuuliza nani kafa. Kisha kanieleza taratibu, kama mtoto: kuna mafaili ya mwenye nyumba na kuna mafaili ya nyumba yenyewe, nguzo na kenchi. Nilifyeka nguzo ili nipate nafasi ya kuweka kiti.

Basi. Naandika hapa mara moja tu, sitarudia: ni mimi.

Barua ya kurasa nne imewashia jiko.

Ijumaa, 14 Februari

Immaculata kaja na diski ya kuwashia aliyoiazima kwa karani wa parokia. Kaisukuma, kawasha — imewaka! Nimepiga kelele, kuku wametawanyika uani.

Furaha ya dakika mbili. Ndani ya diski yangu hamna kitu. Hamna barua zangu, hamna makala zangu, hamna Anastazi. Faili moja tu, kubwa ajabu. Ndicho kile kisiki kilichokataa. Jina lisilotamkika, sikuliandika mimi. Vidole vikaanza vyenyewe kuchapa amri ya kufuta — tabia! — na Immaculata, mtoto wa kumzaa, kanipiga kofi mkononi.

— Usiguse! Humo ndimo alimo Anastazi!

Kumbe wale wa misaada diski iliwabana. Wakashindilia kila kitu ndani ya gunia moja, wakaweka faili dogo la kulifungulia. Bila hilo dogo, gunia ni gunia tu. Na hilo dogo nililing'oa Jumamosi, tena nikifurahi. La parokia ni la toleo jingine. Kalijaribu, limekataliwa mara tatu. Linatakiwa la kompyuta ndugu, iliyotoka kambini kwenye shehena ile ile.

Hapa Kayanga zilibaki mbili. Moja yangu.

Nyingine ya Methodius.

Nimemwambia Immaculata aende yeye, anaheshimika, hana ugomvi na mtu. Kakunja kitambaa cha kompyuta, kakiweka magotini pangu: "Aliyeng'oa ndiye anayekwenda kuomba mche."

Jumamosi, 15 Februari

Sikwenda. Mvua. (Haikunyesha.)

Jumapili, 16 Februari

Nimekwenda kwa Methodius, baada ya ibada. Kanisubirisha barazani mpaka amalize kula, nikisikia vijiko.

— Karibu, mwalimu wa dunia! Leo umekuja kunisahihisha nini?

Nimemwambia. Yote. Nimempa kikaratasi cha Immaculata chenye majina ya mafaili. Kasoma, kacheka hadi machozi, kamwita mkewe aje asikie mwenyewe. Nilitegemea akatae, nilikuwa na hotuba tayari kwa kukataliwa. Hakukataa! Kawasha kompyuta yake, kachapa kwa kidole kimoja, kanipa diski mkononi. Jirani hanyimwi moto, kasema.

Halafu mtego.

— Ila kesho kutwa kamati itaambiwa mashine ya Melkiory imefufuliwa kwa diski yangu. Nani ajuaye kilichoingia humo? Mimi nisingeyaamini maneno yanayotoka mle. Wewe ungeyaamini?

Nikaitia diski mfukoni. Akanogewa:

— Na shahidi mwenyewe Anastazi! Mtu aliyeanguka mferejini kabla kibuyu cha pili hakijafunguliwa! Theoneste ndiye aliyemvuta kwa miguu, matope mpaka masikioni. Huyo aone mlamula gani?

Mkewe akacheka. Nami nikacheka kwa adabu, diski mfukoni, nikaaga.

Nimefika katikati ya mteremko ndipo nikashika breki, nusura nianguke mferejini mimi pia. Theoneste alimvuta Anastazi siku gani, Methodius? Siku ya rubisi ipi? Ile ambayo haikunywewa?

Jumatatu, 17 Februari

Saa nane mchana. Immaculata yuko hapa tangu saa nne asubuhi. COMMAND.COM limerudi. Faili la kufungulia gunia limerudi, na limekubaliwa. Lakini gunia lina jeraha, kasema. Labda ni pale nilipokuwa nazima na kuwasha mara tisa. Mashine inalikagua kwanza, kipande kwa kipande. Asilimia 38, kwa nusu saa nzima. Amekaa kati yangu na kibodi, hanipi hata nafasi ya kupuliza vumbi. Mafuta ya jenereta robo dumu. Renatha kaenda kutafuta mengine.

Speciose yuko kwenye benchi. Nimemwambia ukweli: si jenereta, si adui, ni mkono huu. Kautazama mkono wenyewe. Kisha kasema hata mumewe aliwahi kukata mgomba wenye mkungu akidhani ni mzee. Sijui kama huo ni msamaha.

Nikamuuliza kuhusu Methodius. Kafikiri. Alikuwapo, kasema, kijana wa miaka ishirini hivi; alileta vibuyu viwili kutoka kwa baba yake, Byarugaba. Mbona Anastazi hakumtaja? Kashangaa kwamba nauliza: anayebeba vibuyu hahesabiwi miongoni mwa wanywaji, mwanangu. Na yeye Speciose alipolisema hilo mwaka jana, kamati ilimjibu kwamba mgeni hajishuhudii.

Asilimia 41. Jenereta imekohoa. Immaculata kainua mkono bila kugeuka: "Mtu asitembee."

Yote yakipotea, yapotee kwa mkono wangu. Lakini naandika hapa nitakayoyasema kesho saa tatu, ili hasira isinipotezee njia. Ninyi wajumbe wanne wa kamati: msianze na kompyuta yangu. Anzeni na katibu wenu. Aweke kalamu chini, asiandike yeye muhtasari wa jambo hili. Na wewe, Methodius wa Byarugaba, simama mbele ya Speciose, mtazame usoni, utaje mwaka ulipomwona Anastazi akivutwa kutoka mferejini, na mfereji huo ulikuwa kwenye kibanja cha nani.