Haikuwa Asali, Dada

...na ndiyo maana, dada Mwajuma, nimeshindwa kuonja asali aliyoniletea mume wangu. Ndiyo, mume wangu! Ni wiki ya tatu sasa tangu tuoane, na kila nikiliandika neno hilo nalisoma tena kwa raha. Kazi ya Ramadhani ni kupima damu za wagonjwa hospitalini. Akirudi, namjua kwa hatua zake kabla hajafika mlangoni.

Juzi alitoka Urambo na kibuyu cha asali. Akilini nikakuona wewe, mwaka ule sukari ilipoadimika katika duka la kijiji, umekuja kujifungulia kwetu mimba yako ya kwanza, umekaa nyuma ya ghala la tumbaku unalamba vidole. "Ukimwambia mama, hupati tena," ulisema, ukanipaka asali puani. Tulicheka sana. Kesho yake nikamwambia mama.

Homa ilipokushika, zahanati walipima damu ya kidole wakaiona safi. Basi lawama ikaiangukia asali. Mama alishikilia kuwa vitu vitamu ndivyo vinavyoleta homa, na shahidi wake nilikuwa mimi. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Mashangazi wakakuita mlafi aliyemla mwanawe. Ulinitazama mara moja tu, ukarudi Kaliua kwa shemeji, na hukukanyaga tena nyumbani.

Nilimsimulia Ramadhani yote. Alisema mdudu wa malaria akiingia kwenye chembe ya damu hutokeza protini zake juu ya chembe hiyo, nazo hushika sukari zilizo juu ya chembe za mwili wetu wenyewe. Kwa mjamzito, wataalamu wanasema, wadudu hao hunasa kwenye kondo la nyuma, wakajificha huko, wasionekane kwenye damu ya kidole.

"Sukari hiyo tunazaliwa nayo," aliniambia. "Hata angekula chumvi tupu, wadudu wangeishika."

Nililia jikoni mpaka ugali ukaungua. Aliula hivyo hivyo, mpenzi wangu, akausifu.

Dada, nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipokusemea kwa mama. Lakini nimefika kidato cha nne, nimekuwa mtu mzima, na bado nilinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma. Mama nimeshamweleza. Aliuliza treni ya Kaliua inaondoka siku gani.

Sikuombi urudi. Nakuja mimi, na mama nikiweza kuja naye. Kibuyu sijakifungua. Tutakifungulia mlangoni kwako, majirani wakiona, na wewe ndiye utakayeonja kwanza, kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako,
yule uliyempaka asali puani