Njia ya Masika Niliyoifuta

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Ni miezi minne tangu tukuzike, na haya ninayoandika nilipaswa kukuambia ukiwa hai.

Unakumbuka ulivyoanza kuja kazini kwangu pale Majengo? Kampuni ya umma uliyoiendeshea malori ilikuwa imeuzwa, ukapunguzwa kazi pamoja na wenzako, na nyumbani Makole ukawa unafagia uwanja mara mbili kwa siku kwa kukosa la kufanya. Mimi nilihudumia wateja kwenye chumba cha intaneti, kompyuta sita na feni moja. Nikakuonyesha ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuongeza barabara anazozijua. Ulivua kofia, ukasogea.

"Mbona Kongwa wameiacha nyeupe? Huko hakuna watu?"

Tangu siku hiyo tukawa tunaijaza. Wewe ulisema, mimi nikachora. Kompyuta hukuijua, lakini kila korongo ulilijua kwa jina. Nilikueleza kwamba njia kwenye ramani ile ni vipande vingi vya barabara, na lazima vipangwe kwa mfuatano, kimoja kikishikana na kingine, la sivyo njia inakatika. "Hiyo kazi naiweza," ulisema. Ukafumba macho, ukaanza kuendesha lori palepale kwenye kiti, mkono wa kushoto ukibadilisha gia, hadi wateja wakacheka.

Njia za kwenda kijijini kwetu ulinitajia mbili. Ya kiangazi ilikata katikati ya mbuga ya udongo mweusi. Ya masika ilizunguka mlimani, ndefu karibu mara mbili.

"Usizichanganye," ulinionya. "Ile mbuga ikishakunywa maji, haimwachii mtu."

Kisha mchoraji mmoja wa nchi ya mbali akaniandikia, akiuliza kwa nini kuna mistari miwili yenye jina moja. Niliona aibu. Ningeweza kuandika ipi ni ya kiangazi na ipi ni ya masika, kazi ya dakika tano tu. Nilifuta ile ndefu. Ramani ikapendeza. Sikukuambia.

Masika yalipofika, yule mfanyabiashara wa nafaka wa Majengo alifiwa na mama yake. Kwao ni kijiji cha jirani na chetu, lakini yeye alikulia mjini, na dereva waliyemkodi alikuwa mgeni. Alikuja kwangu, nikamchapia njia kwenye karatasi mimi mwenyewe. Nikajigamba: "Hii kaitoa baba yangu mdogo, dereva wa siku nyingi." Gari likazama mbugani na jeneza ndani. Wanaume walibeba jeneza mabegani, matope yakiwafika magotini. Mama wa watu akazikwa kesho yake, waombolezaji wengi wakiwa wameshaondoka.

Siku chache baadaye alikuja nyumbani na ile karatasi. Tulikuwa barazani.

"Mzee, ni njia gani hii uliyotupa?"

Uliipokea, ukaifuata njia kwa kidole. Kidole kikasimama pale mbugani. Ukanitazama. Mimi nikainamisha kichwa, nikaendelea kuchambua choroko.

"Nisamehe, mwanangu," ulimwambia. "Nilikosea."

Hukuniuliza kitu, si siku ile wala baadaye. Ila kazini kwangu hukuja tena. Nikikuita, ulisema macho yanauma.

Baba, ramani ile huhifadhi kila badiliko na jina la aliyelifanya. Jina langu lipo pale, pamoja na maneno niliyoyaandika: njia iliyojirudia imeondolewa. Dunia nzima ingeweza kuyasoma, isipokuwa wewe uliyebeba lawama.

Mwezi uliopita niliirudisha njia ya masika, kipande kwa kipande, na kila njia nikaiandikia msimu wake. Nilipofika juu mlimani kulikuwa na njia panda ambayo sikuikumbuka. Niligeuka nikuulize.

Jana nikaenda dukani kwa yule bwana. Alikuwa anapima mtama. Nikamwambia yote, nimesimama, mbele ya wateja wake. Aliweka chini kikombe cha kupimia.

"Yule mzee kila akipita hapa alinisalimu," alisema taratibu. "Mbukwa, mbukwa. Na mimi najifanya napanga magunia. Miaka miwili."

Nilingoja anifokee, nilitaka anifokee. Alikaa juu ya gunia, akaniuliza ulizikwa wapi. Nikamtajia kijiji. Akauliza kama kwa mvua hizi panafikika.

Tunakuja Jumamosi, yeye, mama mdogo na mimi. Nitakaa mbele na dereva, nimzungushe mlimani.

Pumzika, baba. Nisamehe kama utaweza.

Mwanao,
binti wa kaka yako