Vugo la Zuhura

Jumatatu, 3 Mfungo Saba

Nimepepeta mpunga tangu asubuhi. Macho yamejaa vumbi. Mitumbwi ya mavuno inazidi kuteremka na Kau hapapitiki. Nje ya mlango punda, mbele ya punda punda. Miezi minne tangu tuhame kutoka kijiji cha Hewani na bado sijauzoea mji huu. Mume wangu Omari kazi anayo, kila mtumbwi unaovuja unaletwa kwake. Mimi sina mtu.

Leo jibu limekuja kutoka Kipini kwa wazee wa bwana harusi. Mwanangu Zuhura ataolewa Alhamisi ya tarehe ishirini. Omari amefurahi mpaka akaacha chai ikapoa. Mimi nikaingia ndani nikalitoa pembe la Mama sandukuni. Pembe la nyati, limelika pale fimbo inapopiga. Nikalipaka mafuta.

Mwanamwali hapa hutolewa kwa vugo. Wanawake mistari miwili, kila mmoja na pembe lake, wanapiga na kuimba mpaka nyumba ya harusi. Wajane ndio huolewa kimya. Mwanamwali akitolewa kimya watu huuliza ana nini. Na wanaokupigia ni wale uliowapigia. Mimi sijampigia mtu Kau hii.

Jumatano, 5 Mfungo Saba

Nimekwenda kwa wanawake wa mtaa wetu, Bandarini. Wakanipa kahawa na halua. Wakaniambia chama chao ni cha ndugu tupu, kilianzishwa na bibi yao, mgeni haingii. Walisema kwa upole kabisa. Afadhali wangenitukana.

Kimebaki chama kimoja, cha Mtaa wa Juu. Kiongozi wao Bi Mwanaesha. Nimetuma salamu.

Alhamisi, 6 Mfungo Saba

Omari ananiambia nisihangaike, wapiga makasia rafiki zake wataimba. Wanaume kwao harusi ni pilau.

Jumapili, 9 Mfungo Saba

Bi Mwanaesha amejibu. Niende Jumanne baada ya sala ya Alasiri, na pembe langu, wautazame mkono wangu. Nimefurahi kama mtoto. Nimefanya mazoezi uani. Napiga kama Mama alivyopiga kwao Siu, haraka haraka, mapigo matatu na kuacha. Zuhura anacheka, anasema napiga kama ninafukuza ngedere shambani.

Nimemtazama akicheka. Ndiye mwana mmoja tu aliyenibakishia Mungu.

Jumanne, 11 Mfungo Saba

Nimetoka mapema. Naapa nimetoka mapema.

Kufika njia ya bandari, punda wa mpunga wanapanda, na Waorma wanateremsha ng'ombe wa kuuza. Njia yenyewe upana wa mikono miwili. Dume moja likagoma katikati. Kanda la mpunga likapasuka, wenyewe wakainama kuzoa. Mbele siendi, nyuma sirudi. Nimebanwa ukutani, pembe chini ya leso, ng'ombe ananipumulia usoni. Nikasikia watu wakitoka msikitini. Nikaendelea kusimama.

Nilipofika walikuwa wanatundika mapembe. Jua linazama. Nikaeleza. Bi Mwanaesha hakukasirika hata kidogo.

“Ndia ina ng'ombe. Na hawa wote wamepita wapi?” akasema. “Anayetuweka tukingoja leo atatuweka siku ya harusi ya mwana wa mtu.”

Nimerudi nikilia, kati ya punda wale wale. Hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa, 14 Mfungo Saba

Nimefanya ujinga.

Leo Mtaa wa Juu walikuwa wanamtoa bibi harusi. Nikachukua pembe nikaenda. Hakuna aliyenialika. Nikajipenyeza mstari wa kushoto. Niliwaza wakiusikia mkono wangu watanitaka. Nikapiga mapigo ya Mama. Sijui mengine.

Walio karibu nami wakanifuata mimi. Wa mbele wakabaki na pigo lao. Mistari ikagawanyika, wimbo ukapotea. Bi Mwanaesha akainua fimbo yake na mapembe yote yakanyamaza. Mwanamwali wa watu akasimama njiani katika ukimya, nusu ya safari. Kisirani kikubwa. Nyumba yao ilikuwa bado inaonekana; mama yake akanitazama kutoka dirishani.

Niliomba radhi. Nikaomba tena. Bi Mwanaesha akangoja nitoke mstarini, kisha wakaanza upya.

Jumatatu, 17 Mfungo Saba

Nimekwenda kumwomba radhi mama wa yule bibi harusi. Mlango haukufunguliwa. Nilisikia watu ndani.

Zuhura yuko chumbani, anapakwa hina. Haonekani na watu mpaka siku yake. Kaniuliza, “Mama, wa vugo watakuja wangapi?”

Nikamwambia wengi. Nimemwongopea mwanangu akiwa na hina mikononi.

Alhamisi, 20 Mfungo Saba

Hawakuja.

Wanawake wa Kipini waliketi, wakala, wakatazama mlango. Mama mkwe wa Zuhura akauliza kwa adabu, “Wa vugo wako ndiani?” Nikasema njia imeziba. Mavuno. Wakatazamana.

Mama wa bibi harusi hapigi vugo. Hukaa ndani, hupigiwa. Nilijua. Jua lilipoelemea upande nikatoka na pembe la Mama nikapiga. Pembe moja. Katika kelele za njia ile hata mimi sikulisikia vizuri. Wenye punda hawakutupisha, hawakujua kuwa ni harusi. Tukangoja kando mpaka wapite. Zuhura amefunikwa, sikuuona uso wake. Alinishika kiwiko, akakibana, hakukiachia mpaka mlangoni.

Nimerudi na pembe chini ya leso.

Jumatano, 26 Mfungo Saba

Zuhura ameshukia Kipini na mumewe tangu Jumamosi. Leo ameleta salamu kwa mkono wa mpiga kasia. Yeye mzima, mume mzima. Nikamwuliza yule mtu kama wanamsema kule. Akajifanya anafunga kamba ya mtumbwi.

Omari anakula kidogo. Na mimi.

Jumanne, 10 Mfungo Nane

Mpunga umekwisha. Njia nyeupe. Leo naweza kwenda Mtaa wa Juu na kurudi kabla chungu hakijachemka.

Asubuhi Bi Mwanaesha amekuja mwenyewe. Mwenzao mmoja amehamia Lamu na mumewe, mstari umepungua, na Alhamisi wana harusi. Alikaa, akanywa maji.

“Mkono unao,” akaniambia. “Lakini utapiga pigo letu. Ukitupigia, na sisi twakupigia. Una mwana mwengine wa kuozwa?”

“Sina.”

Akatazama chini. Kisha akasema basi, niende nao hata hivyo.

Nilidhani nitakataa. Nikachukua pembe. Baada ya Alasiri, kwenye mazoezi yao, nilisimama nyuma ya mstari, nikautazama mkono wake, nikaufuata. Pigo lao ni la polepole. Si gumu.

Nimerudi, nimebandika wali. Pembe nimelitundika ukutani, karibu na mlango.