Shujaa Wako Hatavuliwa Cherehani

Baba yangu mpendwa,

Mwaka huu wa 2019 nimeambiwa nikuvue cherehani, na nimekataa. Nakuambia wewe kwanza, hata kama uko kaburini.

Unakumbuka Jumamosi zetu dukani kwako, hapa Alexandra, Johannesburg? Nilikuletea magazeti ya zamani, nawe ukayageuza karatasi za kukatia nguo: mgongo, kola, mkono. Lakini kabla ya kushika mkasi ulitafuta kwanza katuni ya shujaa. Ikiangukia katikati, ulisogeza vipimo. "Mtu hakatwi kiunoni, mwanangu," ulisema. Ndiyo maana shati la mchungaji wa jirani lilitoka na mikono iliyoishia karibu na kiwiko. Alipokuja juu, hukubabaika hata kidogo: "Samahani, mchungaji. Nilikuwa nampisha shujaa." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Katuni zile zilikuwa za Kiingereza, ila ulinisomea kwa Kiswahili cha Tanga. Kiswahili changu chote nimekipata midomoni mwa watu wanaoruka maghorofa. Ulinieleza na asili yao: walivyoteka magazeti ya Marekani zamani, watu wakiwa hawana kazi, shujaa akipewa picha tatu nne kwa siku na rangi zake Jumapili. Anaachwa ananing'inia, na msomaji hana budi kununua gazeti la kesho.

Yaliyofuata niliyaona mwenyewe kwenye msumari ulipotundika karatasi zako. Za miaka ulipofika Johannesburg zilikuwa na mashujaa wapana kuliko kiganja chako. Kwenye za baadaye walibanwa na matangazo ya magari. Kwenye zile za mwisho, kabla hujafa, shujaa alikuwa sawa na kiberiti. Iliniudhi, na wewe ilikuudhi zaidi.

"Tena hakuna hata mmoja anayeshona," ulilalamika. "Yale mavazi nani anawashonea?"

Basi nikamchora anayeshona. Ni wewe, baba, na tumbo lako, futi kamba shingoni, cherehani begani. Anashona kila kilichopasuka Alex, hata mabati. Nilimpeleka kwenye gazeti dogo kule Randburg. Mhariri alicheka palipostahili, kisha akasema, "Sharp, dada. Nampa nafasi kila wiki. Ila mfanye wa hapa. Mwondolee hiyo cherehani na hicho Kiswahili. Wasomaji wangu hawataki mgeni awaokoe, hasa sasa."

Sasa, yaani siku zile zile maduka ya wenzetu waliotoka nchi nyingine yalipokuwa yanavunjwa. Sikufichi, nafasi ile niliitamani. Nimeiota tangu utoto. Lakini mgeni gani, baba? Nusu ya watoto wa mtaa huu wamekwenda shule na sare ulizoshona wewe. Mimi nimezaliwa hapa. Nilikusanya michoro yangu nikaondoka bila kuaga.

Tangu hapo nambandika shujaa wako kwenye mlango wa chuma wa duka lako kila asubuhi, Kiswahili juu, Kizulu chini. Mama Thandi, yule jirani muuza magwinya, maandazi ya huku, hupita kumsoma kabla hajawasha jiko.

"Hawu! Wamemkamata?"

"Pita kesho, mama."

"Eish, mtoto huyu! Baba yake mtupu."

Juzi mtu alimchana vipande vipande, akaandika kwa rangi nyekundu nirudi kwetu. Nililia, baba. Halafu hasira ikanishika. Nikachukua magazeti yote uliyoyaacha, nikayagandisha pamoja, nikamchora upya juu yake, kuanzia kizingiti hadi juu kabisa. Mama Thandi ndiye aliyenishikia ngazi, huku akiwatukana waliochana. Waliompunguza shujaa mpaka akawa kiberiti waje waone. Wako amejaa mlango mzima, na hakuna aliyemkata kiunoni.

Mungu akurehemu, baba. Lala, mlango naulinda.

Binti yako, ambaye tayari yuko kwao