Wimbo wa Kusukia Maziwa

Masisi, Jumanne, Septemba 1953

Na sauti yake! Sikujua mama mkwe wangu anaweza kuimba hivyo.

Tangu harusi sijaruhusiwa kugusa kibuyu cha kusukia maziwa. Nilihofia ukweni hawanitaki, kwa kuwa mimi ni binti wa wakulima wa hapa, nao ni wafugaji waliotoka Rwanda wakati wa njaa. Leo asubuhi akaniwekea kibuyu mapajani, akaanza wimbo wa safari yao: mvua ilivyokataa, ng'ombe walivyoanguka njiani, mtoto wake wa kwanza alivyozikwa ugenini. Sauti haikutetemeka. Mimi nililia.

"Wacha kulia, mutoto yangu, siagi itachelewa. Kila muke mwenye anaingia hapa anaongezaka yake mu hii wimbo. Imba!"

"Sijaonaka njaa, Mama."

"Hiyo ni vizuri! Imba yenye uliona."

Nikaimba kwa aibu jinsi baba yangu alivyowagawia wageni mbegu za maharagwe. Akageuza uso. Nikaogopa nimemuumiza. Kisha akaurudia ubeti wangu, neno kwa neno, akauweka mwisho wa wimbo wao.

Mume wangu, mlangoni na ndoo ya maziwa, akaitikia kwa nguvu hata ng'ombe wakageuka. Nampenda mume huyu mpaka maneno yananiishia.