Macho ya Manjano Nyuma ya Godoro

Alhamisi, Aprili 2004. Mvua ya asubuhi imekatika, na jua limetoka juu ya mashamba ya mpunga ya hapa Buterere. Mwanangu amelala mapajani. Ana siku nane, na leo naweza kuandika.

Acha nikiri. Mimi ni mwanafunzi wa maabara, na kwenye mtihani wa himoglobini nilipata kumi na saba juu ya ishirini. Njia yote naijua: chembe nyekundu ikizeeka inavunjwa, chuma chake kinawekwa akiba kitengeneze damu mpya, na kinachobaki kinageuka kijani, halafu manjano, mpaka ini likisafishe kitoke na choo. Najua pia kwamba ini la mtoto mchanga bado linajifunza kazi, na manjano yakizidi yanaweza kuharibu ubongo.

Na mwanangu mwenyewe sikumwona.

Tulirudi kutoka uzazini risasi za vita zikisikika, nikaziba dirisha kwa godoro. Nikamnyonyesha gizani, huku nikijisifu kwamba nimemlinda. Alipoanza kunyonya kivivu na kulala mno, nilisema nimepata mtoto mtulivu.

Aliyeshtuka ni mama mkwe wangu. Yeye ni mtu wa mila: mtoto hatoki nje kabla ya kusohora, yaani siku anapotolewa nje rasmi, na watoto wa jirani hulishwa chakula. Lakini siku ya nne alimchukua mikononi mwangu, akavuka naye kizingiti, akamfunua uso juani.

"Mukazana," aliniita hivyo, mke wa mwanawe, "kuya uangalie. Macho yake iko manjano."

"Mama, na kusohora?"

"Tutamutoa mara mbili. Twende Kamenge, hospitali."

Walimweka siku tatu chini ya taa ya buluu, ambayo mwanga wake husaidia yale manjano yatoke bila kulingoja ini. Mama mkwe hakubanduka. Alikaa amemshika kinyayo kwa vidole viwili, na mimi nililia kwa aibu na kwa shukrani. Jana wakaturuhusu.

Nampenda mama huyu kuliko nilivyowahi kumwambia.

Kesho watoto wa jirani watakuja kula maharagwe, na mwanangu atatolewa nje kama vile hajawahi kuliona jua. Mama mkwe ameniomba nisicheke.

Godoro nimelishusha. Nitalirudisha jioni. Naogopa, sifichi, lakini mchana nataka kumwona.